Siku moja nikifuata mbuzi waliotupa mimba Magarini

Saa 11 alfajiri simu inalia. "Daktari, tangu Jumamosi mbuzi watano wametupa." Usingizi unaniruka papo hapo. Mbuzi mmoja kutupa mimba ni kawaida. Watano kwa mpigo, na Mto Sabaki umetoka kufurika, hapo nawaza Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu pia. Mafuriko ndiyo yanayoangua mayai ya mbu wanaoibeba.

Saa 1 nimeshatoka Malindi kwa pikipiki, kisanduku cha barafu nimekifunga nyuma kwa mpira.

Saa 3 nimefika. Kabla sijagusa mbuzi nauliza: ni nani aliyezoa vile vitoto vilivyotoka? Mama mwenye nyumba anainua mkono. Alivizoa mikono mitupu, akawarushia mbwa. Kidole chake cha shahada kina mkato wa kisu, bado haujafunga. Virusi hupitia hapo hapo, kwenye damu na maji ya uzazi.

"Mama, mwili waonaje?"

"Kichwa tu, mwanangu. Tangu jana."

Napiga simu kwa afisa wa afya kabla hata ya kuvaa glovu.

Mpaka saa 6 natoa damu. Kijana anashika pembe, mimi nabonyeza shingo kwa kidole gumba mpaka mshipa uvimbe. Kila mbuzi na sindano yake, hapo sikubali kubana matumizi, maana sindano moja ikizunguka zizi zima, mimi ndiye nitakayekuwa nimeusambaza ugonjwa. Mzee anataka chanjo leo leo. Namweleza kwamba chanjo hutangulia mvua. Ananuna, na namwelewa, hao mbuzi ndio karo ya wajukuu. Lakini naikumbuka mvua ya mwisho wa 2006: kufikia Machi 2007 homa hii ilikuwa imeua watu zaidi ya 150 nchini Kenya.

Huenda pia ni brusela, ugonjwa mwingine unaofanya mifugo watupe mimba na kuwapata watu, ule ambao mtu humeza dawa za malaria miezi na homa inarudi tu. Kwa vyovyote vile, maziwa yachemke mpaka yafure, na asichinjwe mbuzi hata mmoja.

Saa 8 tunachimba shimo, tunafukia mabaki kwa chokaa. Mama anapelekwa hospitali.

Saa 11 jioni, maji ya manjano yamejitenga juu ya damu iliyoganda. Nayahamisha kwenye mirija mingine, naandika namba, nayaweka kwenye barafu tayari kwa maabara ya Mariakani.

Saa 3 usiku binti wa yule mama anapiga: mama ametolewa damu, amelazwa, homa imepanda. Nalala na simu kando ya mto wa kulalia, sauti juu.