Wikiendi Mbeya: njia nne, ndizi za Mama na mchele wa Igurusi

Ukiwa unaishi Iringa watu wa Dar wanadhani Mbeya ni jirani, "si hapo tu mbele," hapo tu wakati ni kilomita kama 330 na kwa basi siku nzima imeliwa. Ndo maana tangu nihame Mbeya nimekuwa mtu wa ntakuja mwezi ujao, ntakuja pasaka, ntakuja krismasi. Safari hii mdogo wake mshkaji wangu tuliyepanga naye Ilemi alikuwa na sendoff, na mchango nilishatoa wote mpaka kadi ya dabo nikachukua, nikasema hapana, hela yangu haiwezi kwenda kula wali peke yake. Ijumaa asubuhi na mapema niko stendi ya Igumbilo, koti kubwa, soksi mbili mbili, maana ni mwezi wa saba, na baridi ya Mbeya mwezi wa saba mwenye akili haendi nayo kimzaha.

Njia ya huku inajulikana, dereva anakimbia kidogo anakuta kibao cha 50, anakimbia kidogo anakuta trafiki na tochi kajibanza kwenye kichaka, halafu mizani ya Wenda, halafu mizani ya Makambako, mpaka unajiuliza hivi tunasafiri au tunakaguliwa. Mafinga nilifungua dirisha makusudi, ule ukanda wa Sao Hill misonobari inanukia bana, japo dada wa nyuma alilifunga palepale kwa mkono wake bila kuniambia neno, na haki alikuwa nayo. Malori ya mbao na nguzo yanatoka tu.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Vwawa, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, basi tukaanza. Kumbe alikuwa ametoka kwa binti yake Kilolo. Akanipa siasa za huko kwao, anasema tuliambiwa tumekuwa mkoa 2016, Songwe, sawa, tukashangilia, lakini ukiumwa ugonjwa wa maana bado unapandishwa gari unaletwa Rufaa Mbeya, "sasa mkoa ndo nini, ni kibao?" Nikacheka, yeye hakucheka.

Makambako wote chini kuchimba dawa. Pale ndo njia panda ya Njombe na Songea, mahindi ya kuchoma, karanga, watu wanakimbizana na basi kama wanalidai. Ukishatoka hapo barabara inaanza kushuka kwenda Igawa na joto linaanza, ndani ya saa moja koti lote liko mapajani. Wageni huwa wanashangaa, kwamba hii si nyanda za juu? Ni nyanda za juu ila katikati kuna bonde la Usangu, kulia kwako tambarare haina mwisho, kushoto safu ya Kipengere inaenda na wewe muda wote. Chimala mzee akanionyesha kwa kidole barabara inayopanda kwenda Matamba, ile ya kona 57, juu kabisa unatokea Kitulo kwenye hifadhi ya maua. Nimeishi Mbeya miaka yote ile, Kitulo nimeisikia tu. Sisi wenyeji ndo tulivyo, wazungu wanatoka kwao kuja kuangalia maua, sisi tunakaa Kabwe tunakula chipsi.

Inyala basi zima lilinyamaza. Pale ni mlima, sisi tunapanda na malori yanayotoka Zambia na Kongo yanashuka, na historia ya ajali ya ule mteremko kila mtu wa Mbeya anayo ya kwake. Mama mmoja mbele alikuwa anasali kwa sauti ya chini, alipomaliza kona ya mwisho akaagiza soda.

Afu ndo Uyole. Jamani Uyole! Niliiacha njia panda, watu wa Tukuyu na Kyela wanashukia pale, mizani, viazi kwenye ndoo, basi. Sasa hivi ni mji kamili unaojitegemea, na barabara yenyewe inapanuliwa njia nne, kuanzia Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, kwa hiyo katapila huku, kifusi kule, dereva anapelekwa kulia mara kushoto, vumbi limepaka kila kitu rangi moja. Wenyeji wanalalamika foleni, mi naona walitakiwa waanze zamani. Mbeya haijawahi kuwa na shida ya ukubwa, shida yake imejipanga kwenye kamba moja, barabara ya Zambia ndo hiyohiyo ya daladala, ya bajaji, ya mama anayevuka na beseni la parachichi na ya lori la tani thelathini. Sensa ya 2022 jiji lilikuwa na watu zaidi ya laki tano, wote hao wanakutana kwenye lami moja.

Nikachukua bajaji, dogo wa miaka ishirini hivi, nikamwambia nipeleke Ilemi, nishushe pale kwenye mkaratusi mkubwa. "Mkaratusi upi braza?" Ule mkubwa, palikuwa na fundi viatu chini. Akanicheki kwenye kioo. "Braza we wa wapi?" Mi wa hapahapa. "Wa hapahapa lini?" Nikakosa jibu la haraka. Akanishusha kwenye ghorofa lenye vioo vya bluu, akasema kama kuna mkaratusi utakuwa chini ya hili jengo. Bahati nzuri Mbeya mtu hapotei kabisa, unanyanyua macho unatafuta Loleza na minara yake juu, unajua mjini ni chini ya ule mlima, mengine unajipanga mwenyewe.

Mama mwenye nyumba wetu wa zamani yupo, amezeeka ila mdomo ni uleule. Nilimpigia hodi akatoka na kisu mkononi, akaniangalia juu chini. "Wewe ndo umekonda hivi Iringa? Wanakulisha nini, ulanzi?" Nikamwambia shikamoo Mama, akasema marahaba, ingia, ukae huko kwenye jiko upate moto. Alikuwa anamenya ndizi, na kama hujawahi kumwona Mnyakyusa akimenya ndizi mbichi kaa uangalie. Kwanza anapaka mafuta ya kula viganja vyote ili utomvu usimgande, anakata ncha mbili, anapasua ganda kwa urefu mara moja tu, halafu analikwangua kwa dole gumba linatoka zima, ndizi inadondoka kwenye beseni la maji kabla haijapata muda wa kuwa nyeusi. Nikajitolea kusaidia, nilipofika ya tatu akaninyang'anya kisu, akasema mwanangu utatumalizia nyama yote ya ndizi, we chochea mkaa. Zikaingia sufuriani na nyama ya ng'ombe yenye mafuta, kitunguu, nyanya, chumvi, basi, hakuna mbwembwe, na parachichi pembeni limekatwa kati. Nilikula mpaka nikafungua mkanda. Nikasema ndaga fijo Mama, akacheka, maana lafudhi yangu ya Kinyakyusa haijawahi kupona.

Mshkaji wangu ndo akanipa habari za wapangaji wenzetu, fulani yuko Tunduma anapitisha mizigo boda, fulani kafungua duka la pembejeo, fulani alirudi Rungwe kapanda parachichi na sasa hapokei simu zetu.

Jumamosi asubuhi nikazunguka peke yangu. Nilianzia Uhindini, nikijua ndo mjini, maduka ya zamani yenye vibaraza, kimya, watu wawili watatu wanaota jua. Huku ndo kwenye mji wa mwanzo, ule wa miaka ya 1920 ulioletwa na dhahabu ya Lupa kule Chunya, lakini sasa hivi ukitaka hela ya Mbeya ilipo unateremka Mwanjelwa. Soko la zamani liliungua 2006, hili jipya ni la ghorofa, ila biashara yenyewe bado inapenda kukaa chini, mitumba imemwagwa nje, viatu vimepangwa mpaka barabarani, mmama anakuuzia sweta huku amelivaa. Nikanunua sweta, si la mwilini kwake, la pili yake, nikavaa palepale.

Nikapita Sokoine uwanjani, geti limefungwa, nikasimama tu. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ndo walikuwa wamepanda ligi kuu, Mwambusi kocha, wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba iko chini yao, we acha tu. Mji mzima zambarau. Siku ya mechi hata mafundi walikuwa wanafunga. Baadaye 2023 wakashuka, wakapambana wakarudi, lakini ule msimu wa kwanza ni wa kwanza, anayebisha hakuwepo.

Sendoff ilikuwa sendoff, MC anaongea kuliko bibi harusi, kamati imevaa sare, keki imekatwa saa tano usiku, wali ulikuwa wa Kyela na ulinukia kuanzia nje ya geti, sina malalamiko.

Jumapili kurudi. Basi lilisimama Igurusi na mi nilikuwa nimeshajiandaa, maana mwezi huu mpunga mpya wa Usangu umeshatoka na kurudi Iringa bila mchele wa Mbarali mke wangu asingenielewa. Wauzaji wanakuja dirishani, nikashika punje, nikanusa, nikatafuna mbili tatu, mzuri, nikachukua kilo ishirini. Konda akasimama mlangoni. "Kiongozi, huo mzigo unalipiwa." Mzigo gani, huu naweka miguuni. "Hata wa miguuni." Abiria wakaingilia, kila mtu hakimu, dada mmoja akasema konda muache kaka wa watu, mchele haujakalia siti, mwingine akasema kama unalipa nauli upewe na tiketi yake. Konda naye hajanyamaza, anasema nyie mngejua buti lilivyojaa msingeongea. Tukaanzia elfu tano, tukaja elfu nne, nikampa elfu tatu. Akaweka mfukoni, akaangalia mfuko wa parachichi alioniwekea Mama. "Na hayo je?" Nikampa mawili, akachagua mwenyewe yaliyoiva.