Picha ya dole gumba kabla ya kisu

Mchuma chai wa Tukuyu au Mufindi anayeumwa shina la dole gumba kwa sababu kiungo kimechakaa mara nyingi huja na eksirei ya mkono mzima, kiganja kimelazwa chini. Hiyo haitoshi. Kiganja kikilala hivyo, dole gumba hukaa kimshazari, na pale metakapali ya kwanza (mfupa wa kiganja unaobeba dole gumba) inapokalia trapezi, mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, pakafunikwa na mifupa jirani.

Omba picha ya Robert: mkono unyooshwe, uzungushwe kwa ndani kabisa mpaka mgongo wa dole gumba ulale kwenye kaseti, yaani bamba la eksirei. Mwenye bega gumu hafiki hapo akikaa wima, basi ainamishe kiwiliwili, bega lifuate. Ongeza ya ubavuni.

Kwa ngazi za uchakavu za madaktari Eaton na Littler, ya kwanza nafasi ya kiungo ni ya kawaida au imepanuka kidogo. Ya pili imepungua, na vipembe vya mfupa havizidi milimita 2. Ya tatu vinazidi. Ya nne ndiyo ya kutafutwa kwa makini: uchakavu umeshaingia kati ya trapezi na skafoidi, mfupa wa kifundo ulio chini yake. Ukigandisha kiungo cha metakapali na trapezi peke yake, au ukaweka kiungo bandia hapo, maumivu ya kati ya trapezi na skafoidi yanabaki palepale. Hapo ni kutoa trapezi yote. Kiungo cha skafoidi na trapezoidi, mfupa mdogo ulio kando ya trapezi, hujificha kwenye picha, kwa hiyo trapezi ikishatoka, vuta kidole cha shahada ukikague kwa macho.

CT skani si lazima kwa kutoa trapezi. Kwa kiungo bandia inasaidia sana, kwani trapezi ikiwa fupi kikombe chake hakishiki na mfupa hupasuka.

Wakati wa kupasua, ateri ya radiali, mshipa wa damu wa upande wa dole gumba, unapita juu ya kiungo cha trapezi na skafoidi, usogezwe kwanza. Trapezi hutolewa vipande vipande, na kile kilichoshikana na mfereji wa kano upande wa kiganja ndicho husahaulika. Piga picha mezani kabla ya kushona.

Lakini picha haipimi maumivu. Kuna mwenye ngazi ya nne anapukuchua mahindi bila taabu, na wa ya pili hafungui kifuniko cha chupa. Anayepasuliwa ni yule ambaye kifaa cha kutuliza kidole, dawa na sindano vimeshindwa kumsaidia. Na aambiwe mapema: hogo la plasta hukaa wiki 4 hadi 6, nguvu ya kubana hurudi kwa miezi, na msimu huo wa chai atafutiwe mtu wa kumchumia.