Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoka Nta Hadi Macho, Karakana ya Swamimalai

Saa 11 alfajiri mama mwenye nyumba ninayopanga huwa ameshatoka nje na bakuli la unga wa mchele. Huinama mbele ya kizingiti na kuuachia unga taratibu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, mpaka nukta na mistari iungane kuwa kolam, pambo ambalo wanawake wa Kitamil hulichora upya kila siku mlangoni ili kumkaribisha Lakshmi, mungu wa neema na riziki. Mimi hupita kando yake nikiangalia nisilikanyage. Kabla ya adhuhuri sisimizi, ndege na magurudumu ya baiskeli watakuwa wameumaliza unga huo, na hakuna anayesikitika, kwa kuwa kesho atakuja na bakuli lake tena.

Naishi Swamimalai, mji mdogo ulio karibu na Kumbakonam katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, na huu ni mwaka wangu wa pili nikijifunza kusubu sanamu za miungu kwa shaba. Nimezaliwa Mombasa, katika Mji wa Kale, katika ukoo wa masonara wa Kigujarati, na Kiswahili ndiyo lugha niliyochezea, niliyogombania na niliyosomea. Nimeamua kuandika siku yangu moja kwa sababu ya neno hilo, sanamu. Watu wa nyumbani hulitumia wanaponiuliza kazi yangu, nami nalitumia pia kwa kuwa sina jingine, ingawa limebeba shutuma nisizozistahili na limeacha nje jambo lililo muhimu kuliko yote. Katika karakana yetu kitu kilekile huanza kikiwa nta, kikawa shaba ya kupigwa tupa, kisha ikafika saa ambapo hakuna anayethubutu kukigusa ovyo.

Saa 12 nilipanda ngazi za hekalu la Murugan, mwana wa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, hekalu ambalo ndilo lililoupa mji huu jina lake. Ngazi ni 60, nazo huhesabiwa kuwa ni miaka 60 ya mzunguko wa kalenda ya Kitamil. Hadithi ya mahali hapa naipenda tangu nilipoisikia mara ya kwanza: mtoto Murugan alimfundisha baba yake maana ya Om, silabi takatifu inayotangulia sala, na Shiva akakubali kuketi chini ya mwanawe kama mwanafunzi na kutega sikio. Kwa mtu anayejifunza ufundi ukubwani, akielekezwa wakati mwingine na vijana wadogo kwake, hadithi hiyo ina faraja kubwa. Kuhani alinipa majivu matakatifu, nikajipaka mistari mitatu kwenye kipaji cha uso, nikashuka kwenda kazini.

Saa 1 na nusu fundi mkuu alifungua daftari la karakana. Sisi sote humwita ayya, kwa heshima anayopewa mtu mzima wa Kitamil, naye huniita thambi, yaani mdogo wangu. Kabla hajaandika hesabu yoyote, juu kabisa ya ukurasa aliweka alama ndogo iliyojipinda, alama ya Pillaiyar, ambaye wengi humfahamu kwa jina la Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo anayeondoa vizuizi na anayetajwa kabla ya kila jambo kuanza. Kila nionapo alama ile namkumbuka baba yangu usiku wa Diwali, akifungua daftari jipya la duka na kuchora sathiyo kwa unga mwekundu, ile alama ya mikono minne ambayo Kisanskriti, lugha ya kale ya India, huiita svastika, maana yake heri. Alama hiyo imekaa kwenye milango na madaftari ya watu wetu kwa karne nyingi kabla ya Wanazi huko Ulaya kuichukua na kuinajisi, na inaniuma kwamba mgeni akiiona leo hushtuka kwanza.

Kuanzia saa 2 hadi karibu saa 6 nilifanya kazi ya mkono mmoja tu, mkono wa kuume wa Parvati, mke wa Shiva. Nta tunayotumia ni ya nyuki, imepikwa na mafuta ya karanga na utomvu mgumu uitwao kungiliyam, ambao kwa harufu na kwa jinsi unavyovunjika unanikumbusha sandarusi iliyosafirishwa zamani kutoka pwani yetu. Nta ikiwa baridi hukatika, na ikipata joto hulegea, kwa hiyo unafanya kazi huku beseni la maji likiwa upande mmoja na makaa upande wa pili, ukipasha kijiti cha chuma na kukiegemeza kwenye kidole cha mungu kwa muda wa pumzi moja.

Vipimo havitoki kichwani mwa mtu. Fundi huchukua ukuti wa mnazi, akaukata kwa urefu sawasawa na ule wa murti, yaani umbo la mungu, itakayotengenezwa, kisha akaukunja na kuukunja tena mpaka kila mkunjo uonyeshe mahali pa paji, pua, kidevu, koo, kitovu na goti. Kimo cha Shiva hugawanywa katika sehemu 124, na cha mungu wa kike katika sehemu 120, na juu ya hesabu hiyo kuna beti za Kisanskriti zinazoeleza kila mungu ana mikono mingapi, ameshika nini na anatazama namna gani. Nilipofika hapa nilidhani sheria hizi zingenibana. Sasa naona kwamba zimenipa pa kusimama, kwa sababu baada ya vipimo vyote kutimia bado unabaki upana wa unywele mmoja, na ndani ya upana huo ndimo uso unapokuwa mpole au unapokuwa mkavu.

Mkono niliokuwa nikiutengeneza una mudra, yaani ishara ya mkono, iitwayo kataka. Ncha za vidole hukutana na kidole gumba na kufanya kijitundu, mkono ukionekana kana kwamba umeshika kitu kisichoonekana. Mara ya kwanza niliuziba kidogo ili uonekane nadhifu. Ayya aliuangalia, akachomoa ua la jasmini kutoka kwenye shada lililokuwa mbele ya picha ya Vishwakarma, fundi wa miungu ambaye mafundi wa hapa humhesabu kuwa babu yao, akajaribu kupenyeza kikonyo chake kati ya vidole vile, kikakataa. Hakusema neno. Kumbe tundu lile ni la ua halisi, ua bichi, ambalo kuhani ataliweka kila asubuhi kwa muda wote hekalu litakapodumu. Tangu siku ile siwezi kumaliza mkono wa Parvati bila kwanza kuupima kwa jasmini, na leo kikonyo kilipita vizuri.

Wakati wa chakula, saa 7 mchana hapa na saa 4 na nusu asubuhi kwenu, rafiki yangu tuliyekua naye mlango kwa mlango alinipigia simu. Yeye ni Mwislamu mwenye kuishika dini yake, nasi hatujawahi kufichana jambo. Akaniuliza, "Ndugu yangu, niambie kweli bila kuona haya. Huyo Mungu wenu mnamtengeneza nyinyi wenyewe?"

Nilimjibu kwamba hatumtengenezi. Tunachotengeneza ni mahali pa kumwalika, na mwaliko wenyewe una sala zake, muda wake na watu wake. Nikamweleza kwamba katika mahekalu ya Shiva kinachokaa chumba cha ndani kabisa kwa kawaida ni linga, nguzo ya jiwe isiyo na uso, nayo haitoki. Murti za shaba ndizo zitokazo. Ukitazama misingi ya zile za kale, za enzi ya wafalme wa Chola kati ya karne ya 9 na ya 13, utaona matundu na pete za kupitishia miti, kwa sababu zilifanywa zibebwe mabegani siku za sherehe, zimfikie mgonjwa kitandani, bikizee asiyeweza kupanda ngazi, na hata wale ambao kwa karne nyingi walizuiwa mlango wa hekalu, dhuluma ambayo siwezi kuizungumzia kama jambo dogo. Watu wakijipanga barabarani, wanachokitafuta huitwa darshan. Vitabu husema ni kumwona mungu, lakini hiyo ni nusu tu. Kiswahili kina neno lake kamili, nalo ni kuonana.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema ameelewa ninachosema ingawa yeye hawezi kukifuata, nami nilishukuru.

Saa 9 alasiri tulimimina. Familia moja ya Kihindi iliyoko Nairobi imeagiza Ganesha kwa ajili ya chumba chao cha sala, na kwa kuwa naelewa Kigujarati mimi ndiye ninayezungumza nao. Kalibu lilikuwa tayari tangu juzi: nta imefunikwa kwanza kwa tope laini la mto Kaveri lililochanganywa na majivu ya pumba za mpunga, kisha kwa udongo wa mashambani, kisha kwa udongo wenye mchanga, na juu ya yote waya za chuma. Mafundi wa hapa wanaamini hakuna tope duniani linaloweza kushika mstari mwembamba kama la Kaveri, na baada ya kuona alama ya kidole changu ikitokea kwenye shaba ilhali niliiacha kwenye nta, sina sababu ya kubishana nao. Kalibu hupashwa moto wa samadi kavu mpaka nta yote itiririke nje, likazikwa mdomo juu, na metali ikajaza utupu ule. Uzito wa nta hupimwa mwanzoni, kwa sababu shaba itakayohitajika ni karibu mara 9 yake, bila kusahau ile itakayobaki kwenye njia za kumiminia.

Familia ile ilikuwa imetuma pete ya dhahabu ya marehemu bibi yao, nyembamba kwa kuvaliwa miaka mingi. Murti kamili huitwa panchaloha, metali tano, na dhahabu na fedha, hata kama ni chembe tu, zinapaswa kuwamo. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na feni ilipokuwa ikivuma na moto umegeuka rangi ya kijani pembeni, ayya alinikabidhi pete niitupe mimi. Mtoto wa sonara hufundishwa kutopoteza hata vumbi la dhahabu, na mkono wangu ulisita. Pete ilikaa juu ya uso wa metali kwa kitambo kama cha kupepesa jicho, ikazama.

Kumimina kwenyewe ni dakika chache, na hakuna anayezungumza. Mwaka jana kalibu langu la kwanza lilipasuka kwa sababu nililiharakisha juani badala ya kulikausha kivulini, shaba ikavujia ardhini, na Vishnu niliyemhangaikia wiki sita akatoka bila vidole viwili. Murti yenye kasoro haiabudiwi. Ayya alinipa msumeno nikaikata vipande mwenyewe na kuirudisha kwenye chungu cha kuyeyushia. Kwa kuwa kila kalibu huvunjwa ili kuitoa murti, hakuna ya pili iliyofanana na ile, wala haitakuwapo. Leo shaba ilishuka kwa utulivu, ikapanda kwenye matundu ya hewa, nasi tukaufunika udongo na kuuacha upoe.

Kuanzia saa 10 nilikuwa na Nataraja, Shiva katika dansi, wa kimo cha dhiraa moja, kazi ya miezi mingi ya wenzangu. Nilimlaza chali juu ya gunia na kumsugua kwa maji ya ukwaju, kama mama zetu wa pwani wanavyosugua masinia ya shaba. Mkono wake wa juu kulia una ngoma ndogo inayoanzisha uumbaji, na wa juu kushoto ndimi za moto unaoumaliza. Wa chini kulia unasema usiogope, na wa nne unaelekeza kwenye mguu ulioinuliwa, penye kimbilio. Chini ya mguu mwingine yumo kibeti Muyalakan, yaani ujinga, ambaye anakanyagwa wala hauawi. Sikio moja lina hereni ya kiume, la pili hereni ya kike. Nilimgeuza huku na huku, nikamkalia karibu goti kwa goti, nikapitisha tupa ndogo chini ya unyayo ulioinuliwa ambako hakuna atakayeona, nikaiweka tupa kando ya msingi. Macho yalikuwa bado laini, hayana mboni.

Saa 12 kasoro dakika chache, katika saa iitwayo godhuli, saa ya vumbi la ng'ombe warudio nyumbani, wazee wa hekalu lililomwagiza walifika. Nataraja alisimamishwa, pazia likavutwa, ayya akiwa ameoga na kuvaa shuka jeupe akaingia nyuma yake na patasi ndogo ya dhahabu. Tulisikia mistari ya Kisanskriti, kisha mgongano mwepesi wa metali na metali, mara chache tu. Ng'ombe na ndama wake na rundo la mpunga viliwekwa mbele, ili macho yakifunguka yaone kwanza vitu vya heri, kisha pazia likaondolewa.

Makuhani bado wana ibada zao za kumpulizia uhai huko hekaluni, na kwa sheria kazi haijakamilika mpaka hapo. Lakini mzee mmoja tayari alikuwa analia, na mimi, niliyemsugua alasiri ile kama sinia, nilijikuta nimevua viatu na kurudi nyuma hatua mbili.

Saa 2 usiku nilifagia karakana. Wazee watamchukua alfajiri. Tupa yangu ilikuwa bado pale pale kando ya msingi, chini ya mguu ulioinuliwa, nami nilikuwa naihitaji kwa kazi ya kesho. Nikazima taa nikaiacha.