Nilivyopanga safari ya Bugala kwa kuhesabu mwezi na upepo

Visiwa vya Ssese ni 84, vyote ndani ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na Bugala ndicho kikubwa kuliko vyote. Watu wengi huanza safari kwa kutafuta hoteli. Mimi naanza na mwezi, kisha kivuko. Hoteli inakuja mwisho, maana vyumba Lutoboka, bandari ya Bugala, havikosekani ila sikukuu.

Kwa nini mwezi? Wavuvi wa mukene, yaani dagaa, huvua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Giza likirudi, ziwa lote mbele ya kisiwa huwaka taa kama mji uliojengwa juu ya maji. Kwangu hicho ndicho kivutio cha kwanza cha Bugala, tena hakina kiingilio. Tatizo ni wadudu wa ziwa ambao Waganda huwaita sami: huibuka kwa wingi mwezi unapoandama, wakipanda kutoka majini kama moshi wa tanuri. Hawaumi, lakini wataingia puani, kwenye chai na kwenye mchuzi, na ukiacha taa ya kibarazani ikiwaka, asubuhi unawafagia kwa ufagio.

Basi nikachagua kati ya tarehe 21 na 24 ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo mwezi huchomoza karibu na saa sita usiku, hivyo jioni nzima ni giza na taa za mukene zipo, ilhali kundi kubwa la sami bado. Kalenda ya msikitini inatosha, huhitaji programu yoyote ya simu.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe. Ratiba yake ya kawaida ni kuondoka saa nane mchana na kufika Lutoboka kama saa kumi na moja na nusu, kisha kurudi kesho yake saa mbili asubuhi. Kwa maana hiyo ukilala usiku mmoja tu, kisiwa chenyewe hukioni: unafika jioni, unaondoka asubuhi. Lala mbili. Nilifika Nakiwogo saa tano na nusu kwa ajili ya tiketi, na Ijumaa hata hiyo si mapema. Piga simu siku moja kabla, kwa sababu meli ikiingia matengenezo, safari hakuna.

Kaa upande wa kushoto. Wakati wa kwenda, meli inaelekea kusini-magharibi na jua la alasiri linapiga kulia. Wakati wa kurudi inaelekea kaskazini-mashariki na jua la asubuhi linapiga kulia vilevile. Kushoto ni kivuli safari zote mbili. Ndani ya saa ya kwanza mnavuka ikweta. Hakuna alama yoyote majini, ila ukifungua ramani ya simu utaona namba za kaskazini zikishuka hadi sifuri, kisha zinaanza kupanda kama za kusini.

Njia ya pili ni barabara: Kampala hadi Masaka, halafu Bukakata, ambako kivuko cha serikali huvusha watu na magari bure hadi Luku, kisiwani Bugala. Ni ndefu, lakini mwenye gari au mzigo itamfaa. Kutoka Luku hadi mji wa Kalangala utapita katikati ya mashamba ya michikichi, mistari kwa mistari. Wageni hupiga picha wakidhani ni msitu. Msitu halisi ulibaki vipande vipande, na kipande rahisi kufikika ni kile cha mteremko wa Lutoboka, kati ya mji na ufukwe. Ingia saa moja asubuhi pamoja na mwongozaji wa pale pale. Hondohondo utawasikia mabawa yao kabla hujawaona, tumbili hawana haya, na furukombe hukaa kwenye miti mikavu ya ufukweni.

Kwenda visiwa vidogo kwa mtumbwi wa injini kunahitaji hesabu nyingine. Usiku hewa ya baridi hutoka nchi kavu pande zote ikielekea ziwani, ambako maji bado yana joto. Inakutana katikati, inapanda, na kuleta radi. Ndiyo maana mvua kali za ziwa hupiga usiku na alfajiri. Mchana upepo hugeuka, na alasiri mawimbi huinuka. Nafasi nzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, mbingu ikiwa imeshatulia. Nahodha akisema, "Ssebo (bwana), tungoje kidogo," ngoja, hata kama saa zinakwenda.

Kabla sijapanda naangalia vitu vitatu: jaketi la kuokolea lenye mikanda inayofunga kweli, jerikeni la pili la petroli, na plagi ya akiba. Injini ikizima katikati ya ziwa, mara nyingi ni maji au uchafu kwenye petroli, au plagi iliyolowa. Hapo mtumbwi unageuka ubavu kwa mawimbi, na ndipo abiria wanaposimama kwa hofu na kuupindua. Jaketi livaliwe, lisikaliwe kama mto. Mashua ya starehe ilipozama upande wa Mukono Novemba 2018, waliokufa walikuwa zaidi ya 30. Simu na pesa funga ndani ya kaveera mbili, yaani mifuko ya plastiki. Beba pesa taslimu pia, maana wakala wa pesa za simu huishiwa wikendi.

Chakula ni jambo rahisi: agiza sato mapema, kabla hujaenda kuoga, kwa sababu wataanza kwa kumtafuta.

Kuoga ndipo palipo na mtego. Ziwa lina kichocho, nacho hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye majani na maji yaliyotulia, na vimelea huwa vingi zaidi jua linapokuwa kali mchana. Niliogelea asubuhi mapema, mbali na matete na mbali na mwalo wa mitumbwi, nikajifuta kwa taulo mara moja. Hayo hupunguza hatari, hayaiondoi. Kumeza praziquantel, dawa ya minyoo ya kichocho, siku ya kurudi ni kupoteza dawa, kwa kuwa haiui minyoo michanga. Nilingoja wiki 8, nikapima, kisha nikapewa dozi kwa uzito: miligramu 40 kwa kila kilo, baada ya kula.