Gros wa Nani?

Jumamosi moja ya Desemba 2012, kwenye mgahawa mmoja wa London nilikokuwa msaidizi wa mhudumu mkuu wa mvinyo, nilizibua chupa isiyo yenyewe. Nilikuwa na miezi minne kazini, tai ya kuazima, na kizibuo mfukoni nilichokuwa nakipapasa kila mara kama nauli ya basi.

Meza ya pembeni alikaa mzee mmoja na mkewe. Karatasi ya oda ilisomeka: Richebourg 2002, A. Gros, yaani shamba la mizabibu, mwaka wa mavuno na jina la mtengenezaji. Nikashuka stoo. Kule chini chupa zimelazwa, unachokiona ni vikaratasi vilivyoning'inia shingoni, vimeandikwa kwa kalamu. Nikakuta "Richebourg 02, A.-F. Gros". Nikajiambia A ni A, hiyo F ni madoido ya Wafaransa. Nikapanda nayo.

Mzee hakuwa amevaa miwani. Akaona Richebourg, akaona Gros, akaitikia kwa kichwa. Nikazibua. Mkewe ndiye aliyeigeuza chupa kuelekea mshumaa, akasoma, akasema taratibu: "Lakini huyu si Anne."

Bosi wangu, Mfaransa wa makamo asiyepaza sauti, akaja, akasoma lebo, akaomba radhi, akashuka mwenyewe kuleta nyingine. Ile niliyoizibua ikabaki kaunta. Bei yake kwenye orodha ilizidi mshahara wangu wa wiki mbili.

Tulipofunga nilikuwa nimeshajiandaa kufukuzwa. Akanimiminia kidogo kutoka chupa ile ile, akageuza menyu ya siku ile upande mweupe, akachora ukoo.

Juu aliandika Louis Gros, wa kijiji cha Vosne-Romanée, mkoa wa mvinyo wa Burgundy, Ufaransa. Chini yake watoto wanne: Gustave, Jean, François na Colette. Gustave na dada yake Colette waliunganisha mafungu yao wakayaita Gros Frère et Sœur, yaani Gros kaka na dada. Hawakuacha watoto, mashamba yakaenda kwa Bernard, mtoto wa ndugu yao Jean. Jean alikuwa na watatu: Michel, aliyerithi shamba la Clos des Réas zima, Bernard huyo, na Anne-Françoise. Huyo ndiye A.-F. wangu. François alikuwa na mtoto mmoja tu, Anne. Kwetu watoto wa ndugu wawili wa kiume ni ndugu tu, huulizi zaidi. Kwenye bili si ndugu.

Sheria ya Ufaransa, akaniambia, haiwatazami mtoto wa kwanza na kitinda mimba. Kila mtoto ana fungu lake, wa kike kwa wa kiume. Richebourg yote ni kama hekta nane, na stoo yetu peke yake ilikuwa na akina Gros watatu waliokuwa na vipande mle. Kisha akahamia Chassagne-Montrachet, kijiji kingine cha Burgundy, kwa akina Colin na akina Morey, wanaooana na kuunganisha majina kwa kistari: Pierre-Yves Colin, mtoto wa Marc Colin, akamwoa Caroline Morey, mvinyo wake ukaitwa Pierre-Yves Colin-Morey. Nikamwomba tuishie hapo.

Kilichoniuma si chupa. Mimi ni wa Rombo, Kilimanjaro. Kwetu ukisema Shirima kapita hapa, hujasema kitu; darasani tulikuwa akina Shirima saba, na mwalimu alituita kwa majina ya baba zetu. Nimekulia kwenye kihamba, shamba la ukoo, kilichokatwa na kukatwa tena hadi mipaka yake ikawa mimea ya masale tu. Halafu nakwenda kudanganywa na herufi moja!

Jumapili nikampigia mama, nikamsimulia yote. Kuhusu mvinyo hakuwa na swali.

"Huyo Anne, wa nani?"

"Wa François, mama. Mtoto wa pekee."

"Na kihamba chake?"

Hilo nilikuwa nimelikariri. Fungu lake kwenye Richebourg ni hekta 0.6.

"Kama ekari moja na nusu."

Akanyamaza. Nikasikia kuku nyuma yake.

"Baba, chetu ni kikubwa kuliko hicho. Na migomba tunayo."