Mkopo unavyomvua mchezaji hadhi ya nyumbani

Kanuni ya mchezaji wa nyumbani hupunguza idadi ya waliokuzwa nje ya nchi kikosini, na mkopo, yaani klabu kumpeleka mchezaji wake klabu nyingine kwa muda, unaweza kumvua hadhi hiyo. Pasipoti haina kazi hapa. Cesc Fàbregas ni Mhispania, lakini Ligi Kuu England ilipoanza kanuni hii msimu wa 2010/11 alihesabiwa mchezaji wa nyumbani, kwa kuwa alitua Arsenal mwaka 2003 akiwa na miaka 16. Eric Dier, aliyeichezea timu ya taifa ya England, hakuhesabiwa: alikuzwa Sporting ya Ureno.

Kinachotazamwa ni usajili. Misimu mitatu kamili, au miezi 36, katika klabu zilizo chini ya chama cha soka cha England au cha Wales, kabla ya kutimiza miaka 21 au kabla ya kwisha msimu anaotimiza umri huo. Si lazima muda ufuatane. Kikosi ni cha watu 25 na wasio wa nyumbani hawazidi 17. Vijana wa chini ya 21 hawachukui nafasi.

Sasa mchukue kijana wa kigeni aliyezaliwa Machi 2007. Tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, klabu za huko hazisajili mgeni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo anaingia dirisha la usajili la kiangazi 2025. Anatimiza 21 Machi 2028. Misimu aliyonayo ni 2025/26, 2026/27 na 2027/28, basi. Mpeleke Ubelgiji kwa mkopo nusu msimu tu na hesabu imevunjika, hakuna msimu wa kufidia. Mpeleke timu ya daraja la pili palepale England, hakuna kilichoharibika. Mwenzake aliyezaliwa Oktoba 2006 ana ahueni: alitimiza 18 katikati ya msimu, akisajiliwa Januari 2025 anapata akiba ya miezi minne hivi. Mkopo wa msimu mzima nje unaimaliza yote na kupita.

UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ni wakali zaidi. Katika orodha ya wachezaji 25 wa mashindano yao, nafasi 8 ni za waliokuzwa nchini, na angalau 4 kati yao wawe wamekuzwa na klabu yenyewe, kati ya miaka 15 na 21. Huku hata mkopo wa ndani ya nchi unauma: miezi anayosajiliwa kwingine haihesabiwi kwa klabu mama, ile inayomkopesha. Ukikosa watu wa kutosha, hujazi na wengine, orodha inapungua.

Kwa FIFA, tangu Julai 2022, mkopo wa kimataifa hauzidi mwaka mmoja, na aliyekopwa hakopeshwi tena kwa klabu ya tatu. Idadi ya mikopo hiyo kwa klabu moja kwa msimu ilianza 8 kutoka na 8 kuingia, ikashuka 7, na tangu Julai 2024 ni 6. Kati ya klabu mbili zilezile, mwisho ni 3 kila upande. Wasiohesabiwa ni wenye miaka 21 kushuka chini na waliokuzwa na klabu, yaani aliyekaa misimu mitatu au miezi 36 kati ya miaka 15 na 21. Msamaha huu kwangu ndio pengo kubwa la kanuni: klabu yenye akademi kubwa bado inatawanya vijana itakavyo.

Kosa linalorudiwa ni kumtoa kijana nje akiwa na miezi 30 na ushei, kwa hoja kwamba "anahitaji dakika za kucheza". Anarudi amevuka 21, amebakiza miezi michache tu, na haijaziki tena.