Kinyama cha ulimi

Faili iliyonikalisha sana leo ni ya mgonjwa aliyechukuliwa kinyama cha ulimi kwa ajili ya kipimo. Daktari ameandika kwa ufupi: kidonda upande wa kushoto wa ulimi, ganzi, kinyama kimechukuliwa, kimepelekwa maabara. Shaka ya saratani.

Daktari mwenzake angeelewa. Mimi ninayeandaa bili hapa Columbus, Ohio, bado nina maswali. Katika misimbo ya Marekani, yaani namba zinazoieleza bima kilichofanyika, ulimi una sehemu mbili. Kinyama kikitoka theluthi mbili za mbele ni 41100. Kikitoka theluthi ya nyuma ni 41105. Chini ya ulimi, kwenye sakafu ya mdomo, ni 41108. Sasa "upande wa kushoto" ni wapi, na ubavu wa ulimi unaanzia nchani hadi kwenye shina? Tena, amekata kipande tu, au amekiondoa kidonda chote? Kukiondoa chote sehemu ya mbele ni 41110 kama hakushona, 41112 kama alishona, na hapo huwezi kudai tena malipo ya kinyama cha kidonda hichohicho.

Sikisii mambo haya. Nimemwandikia daktari, nikamwekea majibu yote yanayowezekana bila kumsukumia lolote. Kumbukumbu ni ya mgonjwa, na aliyeshika kisu ndiye anayejua alikata wapi.

Ila kinachonigusa hasa ni lile neno "shaka". Kwa mgonjwa wa nje, kanuni za hapa haziruhusu ugonjwa unaoshukiwa tu uandikwe kama ugonjwa aliokwisha kuwa nao. Unaandika kilichoonekana: kidonda, uvimbe, maumivu. Naipenda kanuni hii kuliko zote ninazofanyia kazi. C02.1, yaani msimbo wa ugonjwa wa saratani ya ukingo wa ulimi, ikishaingia kwenye dai imekwenda bima, na kuifuta ni safari ndefu. Mtu asibebeshwe saratani ambayo maabara haijaiona! Na ikionekana kweli, msimbo huohuo ndio utakaomtetea atakapohitaji upasuaji au mionzi, kwa hiyo nao uandikwe bila kusitasita.

Ndugu zetu wa Kongo na Tanzania hapa mjini huniletea barua zao za bima. Wengi huja na hofu: nimekatwa kinyama kidogo, mbona karatasi zinatoka kila upande? Huwa nakaa nao, tunazipanga. Daktari aliyekata ana bili yake. Mtaalamu wa patholojia aliyekitazama kinyama kwa hadubini ana yake, yenye msimbo 88305. Ikiwa kazi ilifanyika hospitalini, hospitali nayo ina yake. Halafu kuna ile barua ya bima yenye jedwali la kiasi kilichodaiwa na kilicholipwa, ambayo imeandikwa wazi kwamba si bili, na watu wanailipa! Msilipe kabla hamjailinganisha na bili yenyewe. Msiposoma Kiingereza vizuri, ombeni mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kuwapatia bila malipo.

Daktari amejibu jioni: theluthi mbili za mbele, kipande tu. Basi ni 41100. Msimamizi wangu anataka dai litoke wiki hii. Nimemwomba lisubiri ripoti ya maabara. Bima ya mgonjwa huyu ni Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wazee, na Medicare inapokea madai hadi mwaka mmoja tangu siku ya huduma. Amekubali.